Vipimo vya ulevi kwa madereva: Wajibu wa sheria, mwajiri na mfanyakazi

KILA alfajiri, kabla jua halijachomoza juu ya Msitu wa Kakamega, matatu za kwanza huondoka mjini kuelekea Kisumu, Mumias, Butere na Webuye. Abiria huuliza nauli na kutafuta kiti. Ni nadra mtu kuuliza iwapo aliyeshika usukani ameamka na pombe ya usiku ikiwa bado damuni.

Swali hilo si dogo. Zaidi ya watu 4,000 walifariki katika barabara za Kenya mwaka 2023, kwa mujibu wa takwimu za Mamlaka ya Uchukuzi na Usalama Barabarani (NTSA). Utafiti wa kitaifa uliofanywa 2022 na NACADA, mamlaka ya kupambana na vileo na mihadarati, ulionyesha kuwa Mkenya mmoja kati ya wanane wenye umri wa miaka 15 hadi 65 alikuwa akitumia pombe. Eneo la Magharibi ndilo lililoongoza.

Barabara kuu ya A1 inayopita Kakamega kutoka Kisumu hadi Webuye hutumiwa na matatu, malori, trekta za miwa, bodaboda na watoto waendao shuleni kwa miguu. Kosa la dereva mmoja mlevi huwaangukia wote hao.

Makala haya yanaeleza sheria inasemaje kuhusu ulevi wa wafanyakazi wa uchukuzi, vipimo hufanywaje, na kwa nini mzigo mkubwa wa kuvitekeleza umebaki mikononi mwa vyama vya uchukuzi na waajiri.

SHERIA YA BARABARANI

Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinamharamishia mtu yeyote kuendesha gari, kujaribu kuliendesha, au kuwa msimamizi wa gari barabarani akiwa amelewa pombe au dawa kiasi cha kushindwa kulidhibiti gari hilo ipasavyo.

Msomaji azingatie maneno hayo ya mwisho. Kifungu hakitaji kiwango chochote. Upande wa mashtaka hudaiwa kuthibitisha kwamba mshtakiwa alikuwa ameshindwa kulidhibiti gari, si kwamba alikuwa amekunywa tu.

Serikali ilijaribu kuliziba pengo hilo kwa Kanuni za Kupima Ulevi za 2011. Kanuni hizo ziliweka ukomo wa mikrogramu 35 za pombe katika kila mililita 100 za pumzi, au miligramu 80 katika mililita 100 za damu, au miligramu 107 katika mililita 100 za mkojo. Kuanzia Desemba 2013, maafisa walionekana barabarani usiku wakiwa na kifaa ambacho wananchi walikizoea kwa jina la Alcoblow.

Hata hivyo, wafanyabiashara wa baa walikwenda mahakamani. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba kanuni hizo hazikuafikiana na sheria mama, kwa kuwa zilibuni kosa la kuvuka kiwango ambalo Bunge halikuliweka katika kifungu cha 44. Kwa maneno mengine, kanuni haiwezi kupita mipaka ya sheria iliyoizaa.

Mwaka 2025 serikali ilitoa rasimu ya kanuni mpya kuhusu kuendesha gari baada ya kunywa pombe, na umma ukaalikwa kutoa maoni. Rasimu hiyo ilipendekeza kiwango cha sufuri kwa madereva wa magari ya abiria, ya mizigo na ya shule. Ikumbukwe kwamba rasimu si sheria hadi ichapishwe katika Gazeti Rasmi la Serikali, na kwamba kanuni zinazochapishwa hupelekwa Bungeni kuchunguzwa kwa mujibu wa Sheria ya Hati za Kisheria ya 2013.

SHERIA YA AJIRA

Kwa sadfa, kifungu kinachomhusu mfanyakazi mlevi katika Sheria ya Ajira ya 2007 nacho ni cha 44. Kinamruhusu mwajiri kumfuta kazi papo hapo mfanyakazi ambaye, wakati wa saa za kazi, amelewa kiasi cha kukataa au kushindwa kufanya kazi yake ipasavyo.

Hapa pia sheria inauliza uwezo wa mtu, haiulizi kiwango. Kwa hivyo, mwajiri anayetaka dereva wake aanze kazi bila hata tone la pombe mwilini hana budi kuliandika sharti hilo katika mkataba au katika sera ya kazi, na kuhakikisha kwamba dereva amelisoma, amelielewa na kulitia sahihi.

Jambo la pili ni utaratibu. Kifungu cha 41 cha sheria hiyo kinamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi, kwa lugha anayoielewa, sababu za kutaka kumfuta, na kumsikiliza akiwa na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Sharti hili lipo hata pale kosa linapostahili adhabu ya papo hapo. Mwajiri anayelipuuza anaweza kushindwa kortini hata kama dereva alikuwa amelewa kweli.

Tatizo katika sekta ya matatu ni kwamba madereva wengi hulipwa kwa siku baada ya kutoa hesabu ya mwenye gari, na hawana mkataba wowote wa maandishi. Isitoshe, gari moja laweza kushikwa na madereva wawili au watatu kwa siku, wakiwemo wale wa skwodi wanaompokea mwenzao kwa saa chache. Sera inayomtaja dereva wa kudumu pekee humwacha nje yule ambaye huenda ndiye anayeendesha saa ya hatari.

Kanuni za NTSA za 2014 kuhusu magari ya abiria zilitaka kila gari liwe chini ya chama au kampuni yenye magari yasiyopungua 30, na dereva asiendeshe kwa zaidi ya saa nane katika kipindi cha saa 24. Kwa sababu hiyo, Sacco ndiyo inayofaa kuweka sera moja inayowafunga wote.

VIPIMO VYENYEWE

Pombe hupimwa kwa pumzi, damu au mkojo. Kipimo cha pumzi ni chepesi na jibu hutoka mara moja, lakini kina masharti. Anayepimwa husubiri dakika 15 bila kula, kunywa wala kuvuta sigara, ili pombe iliyosalia mdomoni isipotoshe jibu. Kifaa chenyewe lazima kikaguliwe na kurekebishwa kila baada ya muda uliowekwa na mtengenezaji.

Kwa wastani, mwili huondoa takriban miligramu 15 za pombe katika kila mililita 100 za damu kwa saa. Tuseme dereva ameacha kunywa saa sita usiku akiwa na miligramu 150. Saa kumi na moja alfajiri, wakati wa kupakia abiria, bado atakuwa na miligramu 75. Amelala, ameoga, pengine amekunywa chai ya rangi, na kwa kauli yake yu mzima. Maji baridi na kahawa haviharakishi kazi ya ini.

Kwa anayekunywa chang'aa au busaa, hesabu ni ngumu zaidi kwa sababu nguvu ya kinywaji hicho haiandikwi popote.

Dawa za kulevya hupimwa zaidi kwa mkojo. Kipimo cha kwanza, mara nyingi cha kijiti, ni cha kuchuja tu. Jibu likionyesha dalili, sampuli hiyo hupelekwa kwenye maabara kuthibitishwa kwa mitambo inayotenganisha kemikali moja na nyingine. Kumfuta mtu kazi kwa jibu la kijiti pekee ni kumhukumu kabla ya ushahidi kukamilika.

Aidha, bangi huweza kuonekana katika mkojo kwa siku kadhaa, na kwa mtumiaji wa kila siku kwa majuma. Jibu hilo husema kwamba mtu aliitumia, wala halisemi kwamba amelewa sasa hivi. Zipo pia dawa halali za hospitalini, kama zile zenye kodeini, zinazoweza kuleta jibu la kutia shaka, na dawa za mafua na mzio ambazo hazionekani katika vipimo lakini humlaza mtu kwenye usukani.

Miraa ni suala la pekee. Ni zao halali nchini Kenya, na humfanya dereva akeshe. Lakini kuondoa usingizi si kuondoa uchovu, na uchovu huo hurejea kwa ghafla. Dawa yake ni kuheshimu saa nane za kazi.

FUNZO KUTOKA MAREKANI

Marekani ilichukua hatua kali baada ya ajali ya treni ya Januari 4, 1987 huko Chase, Maryland, ambapo watu 16 walifariki. Wafanyakazi wa treni ya pili iliyopuuza ishara walikuwa wamevuta bangi. Mwaka 1991 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kuwapima wafanyakazi wa malori, mabasi, reli na ndege.

Chini ya mfumo huo, mfanyakazi hupimwa dawa za kulevya kabla ya kuajiriwa. Baadaye hupimwa baada ya ajali fulani, panapokuwa na shaka ya msingi, na kwa kuchaguliwa kwa bahati nasibu. Kukataa kupimwa huhesabiwa sawa na kushindwa. Dereva wa lori mwenye miligramu 40 za pombe, nusu ya ukomo wa kanuni za Kenya za 2011, huondolewa kazini. Tangu Januari 2020, mwajiri lazima apekue sajili ya taifa kabla ya kumwajiri dereva, ili aliyeshindwa mahali pamoja asihamie kwingine kimyakimya. Wakenya wanaoendesha malori nchini humo wanayafahamu masharti haya.

Lakini mfumo huo una upande wa pili. Jibu la maabara kuhusu dawa hupitiwa na daktari kabla ya kumfikia mwajiri. Sampuli hugawanywa mara mbili ili mfanyakazi aweze kudai ya pili ipimwe katika maabara nyingine. Naye aliyeshindwa hupewa njia ya kurejea usukanini baada ya kuonana na mtaalamu na kupimwa upya.

SERA YA SACCO

Katiba ya 2010 inalinda faragha katika kifungu cha 31 na haki za wafanyakazi katika kifungu cha 41. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 nayo inahesabu habari za afya ya mtu kuwa nyeti. Matokeo ya dereva hayafai kutangazwa kituoni mbele ya makanga na abiria, wala kusambazwa kwa simu.

Sera nzuri, basi, hutaja mambo sita: nani atapimwa, wakiwemo madereva wa skwodi na wenye magari wanaojiendeshea, wakati gani, kwa kifaa gani na nani anakikagua, sampuli inapita mikononi mwa nani hadi maabara, nani pekee ataona jibu, na hatua gani hufuata, ikiwa ni pamoja na nafasi ya kujitetea na kutibiwa.

La muhimu zaidi ni kwamba dereva anayekiri mapema kuwa hayuko sawa apumzishwe bila kupoteza kazi. Asipopewa nafasi hiyo atanyamaza, kwa sababu ana hesabu ya kutoa jioni na watoto wa kulisha. Matatu itang'oa nanga saa kumi na moja kama kawaida, na abiria 14 hawatajua lolote.