Masafa, marudio na hezi 528

Ukitafuta muziki wa kulalia kwenye intaneti, utaiona nambari 528 kabla ya kuliona jina la mpigaji. Video za saa nane, saa kumi, zenye picha ya ngazi ya vinasaba inayozunguka gizani, hudai kwamba sauti ya hezi 528 hutengeneza DNA iliyoharibika, hupandisha nishati ya mwili na kuinua ufahamu. Maelezo hayo yakiletwa kwa Kiswahili, neno moja hubebeshwa mzigo wote: masafa. Masafa ya uponyaji, masafa ya upendo, masafa ya juu. Neno hilo lina historia yake, na historia hiyo ndiyo inayofanya dai la 528 lipite bila kuulizwa maswali.

Masafa, kwa asili yake ya Kiarabu, ni umbali, na maana hiyo ingali hai. Kuna mkimbiaji wa masafa marefu na kombora la masafa ya kati. Redio ndiyo iliyolihamishia neno hili kwenye fizikia. Wasikilizaji wa idhaa za Kiswahili za BBC, iliyoanza 1957, na Deutsche Welle, iliyoanza 1963, walizoea kuzungusha kitufe wakitafuta masafa mafupi katika mita 25 au mita 31. Hapo neno lilikaa mahali pake, kwani mita 31 ni umbali halisi kutoka kilele cha wimbi moja hadi kilele cha linalofuata. Ikaja FM. Mtangazaji akaacha mita, akataja megahezi, lakini akaendelea kusema masafa. Megahezi hazipimi umbali. Zinahesabu mawimbi yanayopita katika sekunde moja. Kipimo kikageuka, jina likabaki.

Vipimo hivi viwili huenda kinyume. Mawimbi ya redio yote husafiri kwa kasi ileile ya mwanga, kwa hiyo wimbi likifupika, idadi inayopita kwa sekunde huongezeka. Wimbi la mita 31 hurudia karibu mara milioni 9.7 kwa sekunde. La FM, lenye urefu wa mita tatu hivi, hurudia karibu mara milioni 100. Ndiyo maana mawimbi ambayo msikilizaji huyaita masafa mafupi, mhandisi huyaweka katika kundi la masafa ya juu. Wote wawili wana haki, kila mmoja kwa kipimo chake. Lakini anayekuahidi kukupandisha kwenye masafa ya juu hajasema anapima nini, na neno lenyewe halimlazimishi aseme.

Baadhi ya waandishi wa sayansi hupendelea marudio, na wengine huandika frikwensi. Naegemea marudio, kwa sababu neno hilo huzaa swali papo hapo: kitu gani kinarudia, na mara ngapi? Fasili yake ni fupi: idadi ya mizunguko kamili ya mtetemo katika sekunde moja. Kizio chake ni hezi, kwa heshima ya Heinrich Hertz, Mjerumani aliyethibitisha kwa majaribio huko Karlsruhe, kati ya 1886 na 1888, kwamba mawimbi ya sumakuumeme yapo kweli.

Tukiwa na fasili hiyo, tuitazame 528. Nambari hii ilienea kupitia kitabu kilichotolewa mwaka 1999 na Wamarekani wawili, Joseph Puleo na Leonard Horowitz, huyu wa pili akiwa daktari wa meno kwa mafunzo. Puleo alidai kuzigundua nambari sita, 396, 417, 528, 639, 741 na 852, katika Kitabu cha Hesabu, sura ya 7, kwa kujumlisha tarakimu za nambari za aya. Sura hiyo inaeleza sadaka za viongozi wa makabila kumi na mawili ya Israeli kwa siku kumi na mbili, maneno yakijirudia karibu yaleyale. Tatizo ni kwamba nambari za aya hazikuandikwa na mwandishi wa sura hiyo. Zilienea katika Biblia zilizochapwa barani Ulaya karne ya 16. Kinachosomwa hapo ni kazi ya wachapaji.

Nambari hizo zikaambatanishwa na silabi ut, re, mi, fa, sol, la, ambazo mtawa Guido wa Arezzo alizitumia katika karne ya 11 kuwafundisha waimbaji wake. 528 ikapewa mi. Mwanakwaya yeyote wa Afrika Mashariki aliyefundishwa kwa nota za d, r, m atatambua kasoro iliyopo. Mi haina hezi zake. Mwalimu akibadilisha ufunguo, do huhama na mi huifuata. Kinachobaki ni nafasi kati ya sauti moja na nyingine. Silabi za Guido zilifanya kazi hiyohiyo ya kuonyesha nafasi. Isitoshe, wakati wake hakukuwa na njia ya kuhesabu mitetemo ya sauti kwa sekunde. Kazi hiyo ilianza kufanywa kwa makini na Mfaransa Marin Mersenne katika karne ya 17, akitumia nyuzi ndefu ambazo jicho liliweza kuzifuata. Na kwenye piano ya leo, sauti ya hezi 528 iko jirani kabisa na do, yenye hezi 523.

Kuna jambo zito zaidi, na fasili ya marudio hulifichua mara moja. Hezi hutegemea sekunde, na sekunde ni mpango wa wanadamu. Tuliigawa siku katika saa 24, saa katika dakika 60, dakika katika sekunde 60, hizo sitini mbili zikifuata desturi ya kale ya kuhesabu kwa sitini iliyotokea Babeli. Tungeigawa siku katika sehemu 100,000 badala ya 86,400, sauti ileile iitwayo 528 ingesomeka karibu 456. Sauti isingebadilika hata kidogo. Kwa hiyo siri yoyote inayosemekana kukaa ndani ya tarakimu 5, 2 na 8 inakaa ndani ya saa zetu za ukutani, wala haimo katika chembe hai.

Watetezi wa nadharia hii hujibu kwa mwitikio wa mitetemo: kila kitu kina marudio yake ya asili, nacho huitikia kikiguswa na marudio hayo. Hilo ni kweli. Abiria wa daladala wanajua kioo kinachonyamaza muda mrefu, kisha huanza kulia injini inapofika mzunguko fulani, na kunyamaza tena dereva akikanyaga mafuta. Ila mwitikio una masharti ya ukubwa na ugumu wa kitu. Sauti ya hezi 528 hewani, kwa kasi ya mita 343 kwa sekunde, ina urefu wa wimbi wa sentimita 65. Majini, kama ilivyo ndani ya mwili, urefu huo hufika mita 2.8. Upana wa ngazi ya DNA ni nanometa mbili, yaani sehemu mbili za bilioni ya mita. Wimbi hilo huisukuma chembe nzima pamoja na vyote vilivyomo kwenda na kurudi, bila kuchagua kipande cha kutengeneza. Vifungo vya kemikali ndani ya molekuli navyo hutetemeka mara trilioni kumi na zaidi kwa sekunde. Ukilinganisha, 528 ni mwendo wa kobe.

Neno la pili katika msururu huu ni nishati. Katika fizikia, nishati ni uwezo wa kufanya kazi, nayo hupimwa kwa jouli. Katika lugha ya video hizo ni hali ya moyo: fulani ana nishati nzuri, chumba kina nishati mbaya. Matumizi hayo ya mitaani hayana ubaya mpaka yanapokopa heshima ya jouli bila kutoa jouli zenyewe. Maongezi ya kawaida, desibeli 60, hufikisha sikioni nishati ya kiwango cha sehemu moja ya milioni ya wati kwa mita mraba. Jua la mchana hutoa takriban wati 1,000 katika eneo hilohilo. Tena, marudio ya sauti peke yake hayasemi ni nishati kiasi gani. Lazima ujue pia kimo cha wimbi. Sauti ya 528 inaweza kuwa mnong'ono au king'ora.

Kwa mwanga mambo ni tofauti. Kutokana na kazi iliyoanzishwa na Max Planck mwaka 1900 ilikuja kujulikana kwamba mwanga hubeba nishati kwa vifurushi, na ukubwa wa kila kifurushi hulingana na marudio yake. Hapa ndipo vinasaba huguswa kweli. Mwanga wa urujuanimno ambao DNA huunyonya zaidi, wenye urefu wa wimbi wa nanometa 260, hurudia zaidi ya mara trilioni elfu moja kwa sekunde, na kifurushi chake kinatosha kuharibu herufi za urithi. Upo pia mwanga unaotengeneza. Bakteria, mimea na wanyama wengi wana kimeng'enya kinachotumia mwanga wa buluu, wa marudio ya trilioni mia saba hivi, kuondoa madhara ya urujuanimno kwenye DNA. Aziz Sancar, mwanasayansi mzaliwa wa Uturuki, alijenga jina lake kwa kukichunguza kimeng'enya hicho, na mwaka 2015 alishiriki Tuzo ya Nobel ya Kemia na Tomas Lindahl na Paul Modrich kwa kueleza jinsi chembe zinavyotengeneza DNA yao. Sisi binadamu kimeng'enya hicho cha mwanga hatuna. Tunategemea mafundi wengine wa ndani, wanaokata kipande kibovu na kujaza kipya, usiku na mchana, muziki uwepo usiwepo.

Na sauti? Sauti huigusa DNA maabara, kwa namna ambayo video hazitaji. Mtafiti anayetaka vipande vifupi vya DNA huweza kutumbukiza kifaa kinachotetema kwa takriban hezi 20,000 kwenye kimiminika. Viputo huzuka na kupasuka kwa nguvu, na nyuzi za DNA hukatika. Sauti inayojulikana kufanya kazi kwenye vinasaba, basi, huvikata.

Majina makubwa yamewahi kutoa madai ya aina hii. Peter Gariaev wa Urusi alidai kwamba DNA huacha kivuli cha mawimbi mahali ilipoondolewa. Luc Montagnier wa Ufaransa, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2008 kwa ugunduzi wa virusi vya UKIMWI, mwaka uliofuata alichapisha dai kwamba DNA ya bakteria, ikizimuliwa majini mara nyingi mno, hutoa ishara za sumakuumeme za marudio ya chini. Jarida alilolitumia lilikuwa na yeye mwenyewe katika uongozi wa bodi yake, na andiko lilikubaliwa ndani ya siku chache. Maabara huru hazijayathibitisha madai hayo. Faida ya Montagnier ni kwamba alitaja kinachorudia, mahali pa kukipima na kifaa cha kukipimia. Ndiyo maana wakosoaji wake waliweza kumjibu kwa hoja.

Neno la tatu, ufahamu, ni gumu zaidi, kwani hata wanasayansi wa ubongo hawajakubaliana fasili. Kiswahili angalau hutofautisha fahamu anazozipoteza aliyezirai, ufahamu wa anayeelewa jambo, na dhamiri inayomsuta mkosaji. Ubongo una marudio yanayopimika. Hans Berger wa Jena, Ujerumani, alirekodi umeme wa ubongo wa binadamu mwaka 1924 na kuchapisha matokeo 1929. Mawimbi aliyoyaona kwa mtu aliyetulia na kufumba macho, ya hezi 8 hadi 13, huitwa alfa hadi leo. Mwaka 2016 watafiti wa MIT, wakiongozwa na Li-Huei Tsai, waliripoti kwamba mwanga unaomulika mara 40 kwa sekunde ulipunguza protini zinazohusishwa na ugonjwa wa Alzheimer katika ubongo wa panya, na majaribio kwa binadamu yakafuata. Mawimbi ya ubongo huambatana na hali zake. Kusema kwamba ufahamu wenyewe ni marudio fulani, na kwamba yakipanda mtu hupanda daraja, ni kuruka kutoka kuambatana hadi kuwa kitu kimoja. Mgonjwa wa kifafa, mawimbi yake yakichachamaa, huweza kupoteza fahamu.

Muziki hutuliza, na mtu aliyelala vizuri huamka na afya kuliko aliyekesha. Asikilizaye 528 kwa ajili hiyo hana wa kumlaumu. Lawama ni ya anayeuza utulivu huo kwa jina la matibabu ya vinasaba, hasa mnunuzi akiwa mgonjwa anayeacha dawa. Watunga istilahi nao wana sehemu yao, maana fasili iliyolegea humpa muuzaji nafasi ya kupita. Kwa kamusi ya sayansi napendekeza hivi:

masafa nm [ya-] 1 umbali kati ya sehemu mbili. 2 (redio) ukanda wa mawimbi uliotengewa matangazo au mawasiliano.

marudio nm [ya-] (fiz) idadi ya mizunguko kamili ya mtetemo au wimbi katika sekunde moja. Kizio chake ni hezi: marudio ya sauti, marudio ya mwanga. Tazama pia kimo cha wimbi, urefu wa wimbi, nishati.

Kwa fasili hiyo, mwenye dai atalazimika kusema ni kitu gani kinachorudia, ndani ya nini, kwa kimo kipi, na ni kimeng'enya kipi kinachokipokea. Akijibu yote manne, dai lake linaingia maabara kama madai mengine. Asipojibu, ametusomea nambari tu.