Matumaini ya Mja na Hamu ya Dunia: Mafunzo katika Maisha ya Umar bin Abdul-Aziz

Sifa zote njema ni zake Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, Jamaa zake na Sahaba zake. Ama baad.

Ndugu Waislamu, mliomo misikitini na mnaotusikiliza majumbani, tunakuusieni pamoja na nafsi zetu kumcha Mwenyezi Mungu. Leo tunazungumza juu ya jambo ambalo hakuna moyo usiokuwa nalo, nalo ni matumaini. Mkulima hupanda kwa kutumaini mvua, mwanafunzi hukesha kwa kutumaini kufaulu, na mzazi hujinyima kwa kutumaini kwamba mwanawe atakuwa mtu. Lau si matumaini, kazi za ulimwengu zingesimama. Lakini matumaini hayo hayo yakikosa hatamu humtenga mtu na Mola wake, hali naye anadhani kuwa anajenga maisha.

Imam Bukhari amepokea kwa Abdullah bin Mas'ud (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alichora umbo la pembe nne, kisha akapiga mstari katikati uliotokeza nje ya umbo lile. Akawafahamisha Sahaba zake kuwa aliyemo ndani ni mwanadamu, umbo lililomzunguka ni ajali yake, yaani siku yake ya kufa, na kile kilichotokeza nje ni matumaini yake. Basi matumaini yetu ni marefu kuliko umri wetu. Je, dini inatutaka tukate tamaa, tukae tusitake kitu? Hasha! Tuitazame tarikh, nayo itatujibu.

Umar bin Abdul-Aziz alizaliwa katika ukoo wa kifalme wa Bani Umayya. Baba yake alikuwa Liwali wa Misri, na mama yake alikuwa mjukuu wa Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.). Alisoma Madina kwa wanavyuoni wakubwa, akamwoa Fatima binti Abdul-Malik, binti wa Khalifa. Katika ujana wake alijulikana kwa nguo za thamani na manukato. Mwaka 87 wa Hijra (706 Miladi) alifanywa Liwali wa Madina. Huko aliwakusanya mafakihi kumi wawe washauri wake, na akasimamia kupanuliwa kwa Msikiti wa Mtume (S.A.W.).

Mwenyewe alikiri kwamba nafsi yake ilikuwa na hamu kubwa, kila ilipopata jambo ilitamani lililo juu yake. Na hamu ya cheo ina hatari zake. Wanahistoria wanasimulia kwamba Khalifa al-Walid alimwamuru ampige mijeledi Khubaib bin Abdullah bin Zubeir, naye akatii. Khubaib akafa kwa adhabu ile. Umar alijuta umri wake wote, na kila aliposifiwa kwa mema yake alimkumbuka Khubaib akaogopa. Tazameni, ndugu zangu! Mwanachuoni na mcha Mungu, lakini siku moja ya kumtii mkubwa katika dhuluma ilimwachia jeraha lisilopona.

Mwezi wa Safar mwaka 99 wa Hijra (717 Miladi) Khalifa Sulaiman bin Abdul-Malik alifariki Dabiq, katika nchi ya Sham. Wasia wake uliotiwa muhuri ulipofunguliwa, lilisomwa jina la Umar. Sasa hapakuwa tena na cheo cha juu zaidi duniani cha kutamaniwa. Hapo nafsi ile yenye hamu ikaitamani Pepo. Haikuacha kutaka, bali iligeuza ilichokitaka, na matendo yake yakashuhudia.

Alianza na nafsi yake. Alizirudisha mali alizoziona hakuzipata kwa haki, na akamtaka mkewe achague baina yake na vito vyake. Bibi Fatima akavitoa vyote katika Baitul Mali. Alikomesha desturi ya kumlaani Sayyidna Ali (R.A.) juu ya mimbari. Aliamuru wanaosilimu wasitozwe jizya. Kiongozi wake mmoja alipolalamika kuwa mapato yatapungua, alimjibu kwamba Mwenyezi Mungu alimleta Muhammad (S.A.W.) awe mwongozi, hakumleta awe mtoza kodi. Na aliagiza Hadithi za Mtume zikusanywe na kuandikwa, kwa kuchelea elimu isipotee.

Alifariki mwezi wa Rajab mwaka 101 (720 Miladi), akiwa na umri wa miaka arubaini hivi. Ukhalifa wake haukutimia miaka mitatu. Wako waliotawala miaka ishirini wasitajwe kwa wema, naye anatajwa mpaka leo.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu! Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, amelibainisha jambo hili kwa mfano wa mkulima. Aliyepanda mbegu njema katika ardhi njema, akainywesha na kuipalilia, kisha akangoja fadhila ya Mola wake, huyo ana matumaini. Ama aliyeitupa mbegu katika ardhi kavu asiishughulikie, kisha akangoja mavuno, huyo amejidanganya.

Basi nasi tujiulize. Tunapompeleka mtoto chuoni na skuli, je, tunamwambia atafute cheo tu, au tunamwambia pia atakifanyia nini cheo hicho? Kijana anayetamani kuwa daktari, hakimu au mfanyabiashara, hatumkatazi. Tunamwambia azidishe hamu, lakini ajue tangu leo kwamba siku moja ataletewa rushwa, au ataamriwa kumdhulumu mnyonge, na siku hiyo ndiyo itakayoonyesha alikuwa akitumaini nini. Wala asiahirishe toba mpaka afanikiwe kwanza, kwani mstari wa matumaini umetokeza nje ya umbo, na umbo limekwisha kumzunguka.

Ewe Mola wetu, usiifanye dunia kuwa ndiyo hamu yetu kubwa. Turuzuku matumaini yenye amali njema, na utupe nguvu ya kuikataa dhuluma hata ikiamriwa na wakubwa wetu. Utughufirie sisi, wazee wetu na Waislamu wote. Amin.