Kwa nini majimbi huwasha koo

Huku Ogembo, Kisii, niliko, majimbi huitwa nduma, na hustawi mabondeni penye maji. Yasipoiva sawasawa huwasha koo, kama kwetu Pwani. Kinachowasha ni fuwele. Mmea hufyonza kalsiamu ya udongoni, ukaiunganisha na asidi ya oksaliki unayoitengeneza wenyewe, vikawa vijisindano visivyoonekana kwa macho. Hiyo ndiyo silaha yake dhidi ya walaji.

Vijiwe vingi vya figo vya binadamu ni madini hayo hayo. Kwa hivyo yachemsheni hadi yalainike kabisa, mmwage maji, ndipo mtie tui. Tui hunogesha tu, haliyeyushi fuwele. Aliyewahi kuugua vijiwe asiyazidishe kabla ya kumuuliza daktari.