Saa, Umeme na Folda Mbili: Kujenga Linux Bila Kuchanganya Mapya na Ya Zamani

Kiini cha Linux ni sehemu ya mfumo endeshi inayoongoza prosesa, kumbukumbu na vifaa vya kompyuta. Tangu Linus Torvalds alipokitangaza mwaka 1991, msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Wapo vijana wanaokijenga wenyewe, wakiondoa yasiyohitajika ili kompyuta ya zamani ipate nafuu. Kwenye mashine dhaifu kazi hiyo huchukua saa nyingi. Katika makala haya tunaeleza kosa linaloweza kuzipoteza saa hizo zote: folda ya chanzo na folda ya jengo kutokwenda pamoja.

Gunia na dumu

Folda ya chanzo ina maandishi ya waandishi wa programu. Folda ya jengo ina faili zilizotafsiriwa kwa lugha ya mashine, na hizo ndizo kompyuta inazoendesha. Ukibadili neno kwenye chanzo, jengo halibadiliki mpaka faili hiyo itafsiriwe upya.

Anayeamua ipi itafsiriwe upya ni programu iitwayo make, iliyoandikwa na Stuart Feldman mwaka 1976 katika maabara za Bell, Marekani. Tuieleze kwa mkamuaji wa alizeti wa hapa kwetu Singida. Kila gunia la mbegu lina dumu lake la mafuta, na vyote vimeandikwa tarehe. Dumu likiwa na tarehe ya baadaye kuliko gunia lake, mkamuaji analipita, maana kazi imekwisha. Gunia likiwa na tarehe ya baadaye, anakamua upya. Make nayo hailinganishi yaliyomo. Hutazama tarehe na saa ya faili.

Njia hiyo huokoa muda mwingi, lakini inategemea saa iwe sahihi.

Mambo matatu yanayoharibu

La kwanza ni saa ya kompyuta. Betri ndogo ya mazabodi ikifa, umeme ukikatika saa hurudi nyuma, pengine miaka mingi. Faili utakayoihariri baada ya hapo itaonekana ya zamani kuliko jengo lake, na make itairuka. Saa ikirudi nyuma, make inaweza kukuta faili zenye tarehe ambayo haijafika, ikaonya kwamba jengo huenda halijakamilika. Usilipuuze onyo hilo.

La pili ni umeme kukatika katikati ya kazi. Faili iliyokuwa ikiandikwa inaweza kubaki tupu au nusu, lakini ina tarehe mpya. Make ikirudi kazini huihesabu kuwa imekamilika.

La tatu ni kufungua kifurushi cha toleo jipya juu ya folda ya toleo la zamani. Faili hutoka na tarehe za siku zilipotayarishwa, ambazo zinaweza kuwa za nyuma kuliko jengo lako la juzi. Pia, faili zilizofutwa katika toleo jipya hubaki palepale.

Matokeo yake ni kiini chenye vipande vya matoleo mawili. Kinaweza kukataa kuwaka, au kikawaka huku kadi ya sauti au Wi-Fi ikigoma, kwa sababu moduli zake hazilingani nacho.

La kufanya

Kabla ya kuanza, andika date na uhakikishe tarehe na saa ni sahihi. Kama betri imekufa, ibadilishe kwanza.

Tenganisha folda. Kwa Linux, amri make O=../jengo hupeleka faili zote zilizojengwa nje ya chanzo. Kama chanzo kilishawahi kujengewa ndani, anza na make mrproper, ila hifadhi kwanza faili ya .config, kwani amri hiyo huifuta. Mfumo wa FreeBSD una utaratibu huo: chanzo hukaa /usr/src, jengo /usr/obj.

Kila toleo lipate folda zake mbili. Ukihamisha chanzo kutoka kompyuta moja kwenda nyingine, tumia rsync -a --delete, ili tarehe zibaki na kilichofutwa huku kifutwe na kule. Angalia vizuri njia za folda kabla ya kubonyeza, kwa sababu kinachofutwa hakirudi.

Umeme ukikatika katikati, au saa ikigundulika kuwa ilikosea, au ukibadilisha toleo, futa folda ya jengo uanze upya. Tunajua inauma kurudia kazi ya usiku mzima. Lakini jengo likifutwa hutengenezwa tena kutoka kwenye chanzo, ilhali jengo lenye mchanganyiko litakusumbua siku nyingi bila kukuonyesha kosa liko wapi.

Mwisho, sakinisha kiini na moduli zake kutoka jengo lilelile, na usikiondoe kiini cha zamani kwenye orodha ya kuwashia. Kipya kikikataa, utawasha cha zamani na kuendelea na kazi.