Ikola, Jina Lililofika Mbali

Mpanda, mkoani Katavi, iko mbali na bahari, na vile visamaki vya miamba ya matumbawe vinavyojilaza juu ya jiwe badala ya kuogelea havipo Katavi. Lakini mkoa huu una mwambao wake, wenye vijiji kama Ikola na Karema, na Ziwa Tanganyika lina samaki wake wenye tabia hiyohiyo. Ni ndugu wa sato na kuhe, urefu wao hauzidi kidole, na kibofu chao cha hewa kimepungua kiasi kwamba hawaelei vizuri. Hukaa pale mawimbi yanapopiga mawe, wakirukaruka na kukwangua mwani. Ulaya waliingia kwanza wakiwa wamekufa: mtaalamu wa wanyama J. E. S. Moore alikusanya samaki wa ziwa hili katika safari yake ya 1895–96, na mwaka 1898 George Boulenger wa jumba la makumbusho la Uingereza akampa mmoja wao jina Eretmodus cyanostictus. Jirani yake wa mawe hayohayo alimwita Tropheus moorii, kwa heshima ya msafiri. Jina la mahali halikuingia.

Liliingizwa na wafanyabiashara. Katika miaka ya 1970 Mbelgiji Pierre Brichard alikuwa akisafirisha samaki hai kutoka Bujumbura, na wafugaji wa Ulaya na Marekani wakagundua kwamba Tropheus hubadilika rangi kutoka mwambao hadi mwambao. Yule mweusi mwenye mkanda mpana wa njano wakamwita Ikola, na jina hilo likatumika ng'ambo hata kabla Katavi haijatengwa na Rukwa mwaka 2012. Wapo watakaosema hiyo ni lebo ya kupandishia bei tu. Bei ilichangia, sikatai. Hata hivyo naona lebo hiyo ina ukweli zaidi kuliko jina la Moore, kwa sababu samaki wa mawe haendi mbali; mchanga mpana au kina kirefu humzuia, na kizazi hadi kizazi hubaki na wa kwao. Ukimchanganya na Tropheus wa mwambao mwingine ndani ya tangi watazaana, na watoto wao hawatakuwa wa Ikola wala wa kule kwingine.

Hoja nzito zaidi ya wanaoona hakuna haja ya kuwavua kwa kiasi ni hii: ziwa linatoa dagaa na migebuka kwa wingi, sasa kuvua visamaki visivyoliwa kutapunguza nini? Lakini dagaa huishi kwa makundi makubwa katika maji ya wazi na huzaliana upesi. Eretmodus huishi wawili wawili. Jike hubeba mayai machache mdomoni kwa siku kadhaa, kisha humkabidhi dume amalizie malezi. Akinaswa mmoja wao wakati huo, malezi yamekatika. Ndiyo maana kumfuga salama kunaanza ufukweni, kwa kuvua kwa kiasi, na kunaendelea kwenye tangi: maji yasiyo na chumvi ya bahari lakini yenye madini mengi, pH karibu 9, joto la nyuzi 24 hadi 27, mkondo wenye nguvu na hewa tele, na mawe ya kutosha kila jozi ijitengee eneo lake. Anayemnunua samaki huyu, popote alipo, aulize ametoka mwambao gani, na asimchanganye na wa mwambao mwingine.