Tangi Hupimwa kwa Kiangazi

Mgeni akifika Baraka hustaajabu kusikia kwamba sisi twalia shida ya maji. Mbele yake liko ziwa la Tanganyika, lenye urefu wa kilometa 670 hivi, na kina cha mita 1,470 mahali pa vilindi. Mto Mutambala washuka kutoka milimani. Tena tangu Septemba hata Mei mvua yanyesha. Basi mgeni huuliza, “Ninyi mwalilia maji gani?” Twamjibu kwamba maji tunayo, ila maji ya kunywa bila hofu ndiyo haba.

Hofu hiyo ina historia yake. Mwaka 1961 kipindupindu kilianza katika Indonesia safari yake ya saba ya kuzunguka dunia. Kikaingia Afrika mwaka 1970, na mwaka 1978 kikafika upande huu wa ziwa letu. Tangu hapo hakikutoka kabisa. Katika Uvira, kaskazini yetu, wataalamu walichunguza habari za wagonjwa wa miaka 2009 hadi 2014. Waliona kwamba siku mabomba ya mji yakikosa maji, wagonjwa huongezeka katika siku 12 zinazofuata. Sababu yake yaeleweka: mtu akikosa bomba hushuka ziwani na bidoni yake, wala ziwa halimfichi mtu uchafu wa jirani zake.

Lakini mama yuleyule ashukaye ziwani ameacha nyumbani paa la bati, na juu ya paa hilo mvua imemwagika miezi minane. Yalikwenda wapi maji hayo? Ndilo jambo tunalotaka kulitazama leo.

Kukinga maji ya mvua si jambo geni kwa watu wa Kiswahili. Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Fort Jesus katika Mombasa, na ndani yake wakatengeneza birika la kukingia mvua. Baadaye Waarabu wa Omani walichimba humo kisima kirefu, lakini maji yake yalikuwa ya chumvi. Ngome hiyo ilizingirwa tangu Machi 1696 hata Desemba 1698. Mtu aliyezingirwa hawezi kwenda mtoni. Hana budi kuyagawa maji yaliyomo ndani kwa siku asizojua hesabu yake. Kiangazi chetu nacho ni kama kuzingirwa, ila sisi tumepewa bahati moja: siku zake twazijua mapema.

Lugha ya pwani ilifika ziwani pamoja na misafara ya karne ya 19. Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858 waliwakuta wafanya biashara wa pwani wamekwisha tangulia. Lakini nyumba za Wabembe na majirani zao ziliezekwa nyasi, na maji ya paa la nyasi hutoka na rangi ya chai na vumbi la wadudu. Kwa hiyo wazee wetu hawakuwa wajinga walipokwenda chemchemini. Paa lao halikufaa kwa kazi hiyo.

Jambo lililogeuza mambo ni bati. Mwaka 1829 Mwingereza Henry Robinson Palmer alipata hati ya kutengeneza bati lenye mikunjo, na mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel alipata yake ya kulipaka chuma zinki kisishikwe na kutu. Ndivyo lilivyopatikana paa jepesi, gumu, lisilonyonya maji. Huku kwetu bati lilionekana kwanza juu ya majengo ya serikali, ya misioni na ya maduka, kisha likaenea kwa watu. Kila aliyeezeka bati alipata shamba la maji juu ya kichwa chake, ingawa wengi walidhani wamenunua kivuli tu.

Paa likapatikana, likabaki tangi. Hapo wengi walijikwaa. Katika miaka ya 1970 na 1980 Kenya yalijengwa matangi kwa mfano wa ghala la nafaka: kapu kubwa la fito lililopakwa saruji ndani na nje. Yalikuwa rahisi, yakasifiwa sana. Kisha fito zikaoza, mchwa wakazila, na matangi mengi yakapasuka. Mafundi wakajifunza kutia waya wa chuma ndani ya saruji, ufundi ambao Mfaransa Lambot aliutumia kujengea mashua karne iliyotangulia. Katika Uganda, bonde la Oruchinga, wakimbizi walichimba mashimo wakayatandika turubai ili kuweka maji ya mvua. Umaskini haukuwazuia kufikiri.

Nasi tumekuwa wakimbizi. Tangu mwaka 1996 maelfu ya watu wa Fizi walivuka ziwa kwa sababu ya vita, na wengi waliishi kambi ya Nyarugusu katika mkoa wa Kigoma. Kuanzia mwaka 2005 wengi walirudi kwa meli, wakishukia hapa Baraka. Kambini walijifunza jambo moja kubwa: maji huhesabiwa kwa lita na kwa kichwa cha mtu. Lakini tulipojenga upya nyumba zetu hesabu hiyo tuliisahau.

Sisi wenyewe twaungama kosa letu. Tulinunua pipa la lita 200, tukaliweka chini ya paa, tukalifurahia. Mvua ya kwanza ikalijaza, likafurika hata ua ukawa tope. Tukadhani tumetajirika. Mvua zilipokoma, pipa lilikauka kabla ya juma kwisha, na watoto wakashika tena njia ya ziwani. Tulikuwa tumelipima pipa kwa mvua, kumbe tangi hupimwa kwa kiangazi.

Basi tufanye hesabu pamoja. Chukua nyumba ya watu 7. Maji ya kunywa na kupikia tu, tuseme lita 5 kwa kila mtu, yaani lita 35 kwa siku. Kufua na kuoga tutumie maji mengine. Kiangazi chetu tangu nusu ya Mei hata nusu ya Septemba ni siku 120. Zidisha 35 kwa 120: lita 4,200, ndizo bidoni 210 za lita 20. Ongeza kidogo kwa ajili ya mgeni na kwa mvua inayochelewa, upate lita 5,000. Tangi la mviringo lenye upana wa mita 2 kwa ndani, na maji ya kimo cha mita 1 na sentimita 60, lachukua kiasi hicho.

Je, paa litatosha kulijaza? Milimeta moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Paa lifunikalo ardhi ya mita 8 kwa 5 ni mita za mraba 40. Usipime mteremko wake, pima ardhi linayoifunika. Tukikadiria mvua ya milimeta 1,000 kwa mwaka, twapata lita 40,000. Toa sehemu moja katika tano kwa ajili ya matone yarukayo na mifereji ivujayo, zabaki 32,000. Nyumba yetu kwa mwaka mzima yahitaji lita 12,775 tu. Kwa hiyo mbingu haikutunyima kitu. Kinachopungua ni chombo.

Asiyeweza kujenga tangi zima asikate tamaa. Haba na haba hujaza kibaba. Mtungi wa saruji wa lita 1,000 hutunza nyumba hiyo siku 28. Au ukiwekewa watoto wachanga na wagonjwa peke yao, hufika mbali zaidi. Hata pipa letu lililotuaibisha lafaa sana wakati wa masika, maana siku kati ya mvua na mvua ni chache.

Yako mambo machache ya kuangalia. Maji ya tangi lililojaa yana uzito wa tani 5, basi msingi uwe imara. Mvua ikianza, acha lita 40 za kwanza zimwagike, maana zaosha paa na mavi ya ndege. Funika tangi, tia wavu mdomoni mbu wasizae humo, na uchote kwa bomba, si kwa kata. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe klorini. Na mwezi wa Aprili usiyatumie ovyo, ili kiangazi kikukute tangi limejaa.

Waliokuwa ndani ya Fort Jesus hawakujua mwisho wa siku zao za kuzingirwa. Sisi twajua ni siku 120. Kabla mvua za Septemba hazijarudi, kila baba na mama wa nyumba atoke nje na kamba ya kupimia, atazame paa lake, ahesabu watu wake, kisha aende kwa fundi akiwa na hesabu mkononi.