Habari za Wakilindi ni Mali ya Nani?

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Wasambaa walipata daftari lao mapema. Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, aliyekuwa karani kwa watawala wa Kikilindi, aliandika kwa Kiswahili kitabu cha Habari za Wakilindi. Humo alieleza jinsi Mbegha, mwindaji kutoka Ngulu, alivyoingia Usambara, jinsi ukoo wake ulivyotawala kutoka Vuga, na jinsi nchi ilivyoingia katika vita baada ya kifo cha Kimweri ye Nyumbai mwaka 1862.

Wamisionari wa Magila, Muheza, walikichapa kwa sehemu kati ya 1895 na 1907. Mwaka 1962 East African Literature Bureau ilikitoa upya, na mwaka uliofuata ikatoa tafsiri ya Kiingereza ya J.W.T. Allen. Lakini Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na mchapaji huyo wa nchi tatu akatoweka pamoja nayo. Kitabu kikikosa mchapaji hukimbilia kwenye rafu za vyuo vikuu, mbali na wenyewe.

Je, ni halali kukinakili kwa mashine na kukiweka kwenye intaneti, kila mtu akisome bure? Mwandishi alifariki mwaka 1912. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 ililinda kazi kwa miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi. Kwa hiyo maneno ya Abdallah bin Hemedi yamekwisha kuwa mali ya umma. Tafsiri ya Allen ni jambo jingine, kwa kuwa yeye alifariki mwaka 1979.

Tofauti hiyo ni kubwa. Google ilipoanza kunakili vitabu vya maktaba mwaka 2004, waandishi walikwenda mahakamani. Mwaka 2015 mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua kwamba kuonyesha vipande vifupi si kosa. Lakini Internet Archive, iliyoazimisha bure vitabu vizima vyenye wenyewe, ilishindwa mwaka 2023 na tena kwenye rufaa mwaka 2024. Mwandishi aliye hai naye anakula. Anayesambaza kitabu chake bila idhini hagawi elimu, anagawa jasho la mwenzake.

Aidha, ndugu msomaji, bure ina gharama zake. Mashine hununuliwa, umeme hulipiwa, na mtu wa kusahihisha kurasa hutaka mshahara. Nafuu ni kwamba gharama kubwa hulipwa mara moja tu. Msomaji wa elfu haongezi karibu chochote.

Basi nani alipe? Wazee wa Usambara walimsimulia Steven Feierman historia yao, naye akatoa The Shambaa Kingdom, kitabu cha Kiingereza kilichochapwa Marekani mwaka 1974. Kazi hiyo ni ya heshima, lakini mjukuu wa msimulizi hana budi kujua Kiingereza ili amsikie babu yake. Kitabu cha Abdallah bin Hemedi kiko katika lugha aijuayo, na sheria imekwisha kufungua mlango. Huduma za Maktaba, vyuo vyetu na halmashauri ya Lushoto wangeanza na hicho kimoja. Tukisubiri wengine watunakilie, kesho tutabisha hodi kwao kuomba habari za kwetu.